Fundi wa Nyumbani: Mlinzi Asiyesinzia



Juma hili safu yetu inazungumzia taa. Si taa ya kibatari, wala ile ya darini. Ni zile taa ndogo mno ziitwazo LED, ambazo kila mmoja wetu anazo ingawa huenda hazijali: imo redioni, imo katika chaja ya simu, imo katika tochi ya lindo. Nataka kuwaelezeni jinsi mtu anavyoweza kuzitawala taa nyingi za namna hiyo kwa chombo kimoja, kila taa ikiwaka na kuzimika kwa wakati wake yenyewe, bila kuingojea jirani yake wala kuisumbua. Lakini kabla ya kufundisha hapana budi niungame kosa, kwa sababu somo hili nililipata kwa gharama ambayo nusura mzee wangu ailipe.

SANDUKU LA MZEE

Baba yangu ni sajini mstaafu wa polisi. Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya mji wa Jinja, ambako Mto Nile umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1954, na ambako, pamoja na hayo, umeme wetu hukatika mvua ikinyesha kwa nguvu. Mzee alipotoka hospitali alirudi na dawa za shinikizo la damu na za kisukari: nyingine za kumeza kabla ya kula, nyingine baada ya kula, nyingine kabla ya kulala. Muuguzi alizigawa katika nyakati sita za siku. Mama hawezi tena kusoma maandishi madogo ya chupa, maana macho yake yamechoka. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya wilaya nyingine na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Dada yangu hutoka kazini jioni.

Nikaona hapo pana kazi ya fundi. Nikatengeneza sanduku la mbao lenye vyumba sita. Juu ya kila chumba nikatia taa moja ya kijani, na chini yake kitufe kimoja. Kila jioni dada alivijaza vyumba dawa za siku inayofuata. Saa ya dawa ikifika, taa ya chumba kinachohusika ingewaka na kuzimika kama jicho linalopepesa. Mama angempa mzee dawa, kisha angebonyeza kitufe, na taa ingezimika. Nilimpa mama agizo fupi: "Mama, taa ikipepesa, mpe. Ikizimika, acha."

Jumamosi moja nilikuwa nimekwenda sokoni. Saa moja asubuhi taa ya kwanza ikaanza kupepesa. Mama akampa mzee kidonge chake cha shinikizo la damu, akabonyeza kitufe. Taa ikaendelea kupepesa. Akabonyeza tena; taa ikaendelea. Akangoja kitambo. Chumba kilikuwa kitupu, lakini taa ilikuwa inaamuru, na taa hiyo ilikuwa imetengenezwa na mwanawe aliyesoma. Basi akafungua chupa, akatoa kidonge cha pili, akampa. Ama ile taa ya chumba cha pili, iliyopaswa kuwaka saa moja na robo, haikuwaka mpaka ilipotimia saa moja na nusu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mzee ameketi sakafuni karibu na mlango, jasho likimtoka, hawezi kusimama kwa kizunguzungu. Tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi akampima, akamlaza, akamwangalia mchana kutwa, na jioni Mungu akajalia akainuka. "Nani aliyempa mara mbili?" muuguzi aliuliza. Mama hakujibu. Aliliangalia lile sanduku nililokuwa nimelikumbatia kwapani, kisha akatazama chini.

Usiku ule baba aliniita kando ya kitanda chake. "Mwanangu," akasema, "nimekaa katika polisi miaka thelathini. Lindo lisilo na mlinzi watu hulichunga wenyewe, kwa kuwa wanajua ni tupu. Lindo lenye mlinzi anayesinzia ndilo liibiwalo, maana kila mtu amelala akimtumaini yeye. Sanduku lako lilikuwa linasinzia."

"Ni kweli, baba," nikajibu. "Nitaliamsha."

KWA NINI LILISINZIA

Chombo kilichomo ndani ya sanduku huitwa maikrokontrola. Ni kompyuta nzima iliyotiwa ndani ya chipu moja: ina sehemu ya kufikiri, ina kumbukumbu, na ina miguu ya kupelekea na kupokelea umeme. Niliyotumia mimi ni bao liitwalo Arduino Uno, la jamii ya mabao yaliyoanza kutengenezwa mwaka 2005, katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio wahandisi nao waweze kujifunza. Taa za LED ni za kale zaidi: ile nyekundu ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Chipu ya bao hilo hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde. Mtu hudhani chombo chenye kasi kama hiyo kinaweza kufanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Sivyo. Hufanya jambo moja, kisha la pili, kisha la tatu, kama mwanafunzi asomaye mstari mmoja mmoja kwa kidole.

Katika lugha ya kuandikia programu za bao hilo imo amri iitwayo delay, ambayo maana yake ni "ngoja". Kila mwanafunzi hufundishwa amri hiyo siku ya kwanza: washa taa, ngoja sekunde moja, zima taa, ngoja sekunde moja, rudia. Kwa taa moja hakuna ubaya. Lakini chombo kikishaambiwa "ngoja", hakifanyi jingine lolote. Hakitazami kitufe, hakiangalii taa ya pili. Kimefumba macho mpaka muda uishe.

Mimi niliandika hivi: saa ya dawa ikifika, ipepese taa hiyo kwa nusu saa, ukingoja sekunde moja kila mara, nusu saa ikiisha, tazama kitufe, kisha shughulikia chumba kinachofuata. Nilipolijaribu sanduku kwa taa moja mezani, nilifupisha nusu saa ikawa sekunde kumi, nikaona kila kitu chafaa. Sikuliona kosa, kwa sababu katika sekunde kumi binadamu husubiri bila kushuku. Lakini nyumbani mama alibonyeza kitufe ilhali chombo kimelala. Hakikumdharau, hakikujua kwamba amebonyeza.

DAFTARI LA ZAMU

Ninyi askari mnaijua dawa ya jambo hili kuliko mimi. Mfikirini mkuu wa zamu mwenye walinzi kumi katika malindo kumi. Mmoja abadilishwe kila baada ya saa mbili, mwingine kila saa nne, mwingine alfajiri tu. Je, mkuu huyo huenda akaketi katika lindo la kwanza kwa saa mbili, akingoja muda wa mlinzi wa kwanza uishe, ndipo aende kwa wa pili? Akifanya hivyo atashtakiwa. Mkuu wa zamu ana vitu viwili: saa ya ukutani, na daftari. Huitazama saa, hupitisha kidole daftarini kutoka jina la kwanza hadi la mwisho, na kwa kila jina hujiuliza, "Muda wa huyu umefika?" Kama umefika, humbadilisha na kuandika saa mpya. Kama haujafika, humwacha papo hapo na kwenda kwa jina linalofuata. Haketi kwa mtu yeyote.

Hivyo ndivyo programu inavyopaswa kuandikwa. Kwa kila taa fungueni mstari katika daftari, na katika mstari huo andikeni mambo manne:

1. Zamu ya taa hii imeanza au bado?
2. Taa hii sasa inawaka au imezimika?
3. Ilibadilika lini mara ya mwisho?
4. Ikae muda gani kabla ya kubadilika tena?

Kisha chombo kizunguke bila kukoma. Kifike kwa taa ya kwanza: kama zamu yake imeanza, kichukue saa ya sasa, kitoe saa ya mabadiliko ya mwisho, kiangalie jawabu. Jawabu likiwa sawa na muda uliowekwa au kuuzidi, taa igeuzwe, na saa mpya iandikwe. Likiwa dogo, kiache, kiende kwa taa ya pili, ya tatu, hata ya sita. Baada ya hapo kitazame vitufe vyote, kisha kianze tena. Mzunguko mzima wa taa sita huchukua muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo kila taa hukaguliwa mara nyingi mno katika sekunde moja, na kwa macho ya binadamu zote huonekana kama kwamba kila moja ina fundi wake.

Daftari hili halili kumbukumbu nyingi. Mstari mmoja huchukua kama baiti 10, na chipu ya Uno ina baiti 2,048 za kumbukumbu ya kazi. Hata taa 24 hazitafika robo ya nafasi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba taa moja yaweza kubadilishiwa mwendo bila kuzigusa nyingine. Katika sanduku letu taa ya dawa hupepesa polepole, sekunde moja moja, kwa nusu saa ya kwanza. Kitufe kisipobonyezwa, huanza kupepesa haraka, mara nne zaidi. Ili kufanya hivyo nabadilisha tarakimu moja tu katika mstari wake: muda wa 1,000 unakuwa 250. Wakati huohuo taa ya jirani yaweza kuwa ndiyo kwanza inaanza zamu yake polepole. Hazijuani.

SIKU YA HAMSINI

Saa ya ndani ya chombo husomwa kwa amri iitwayo millis. Hutaja idadi ya sehemu za elfu za sekunde tangu chombo kilipowashwa. Hesabu hiyo ina mwisho wake: ikifika 4,294,967,295 hurudi sifuri na kuanza upya. Hutokea baada ya siku 49 na saa 17 hivi. Wengi hutengeneza chombo, kikafanya kazi vizuri mwezi mzima na zaidi, kisha siku ya 50 kikaharibika bila sababu ya kuonekana, wakaitupia umeme lawama.

Kosa huwa katika namna ya kuuliza. Ukiuliza, "Je, saa ya sasa imeipita saa fulani?" utadanganyika siku hesabu inaporudi sifuri. Lakini ukiuliza, "Tangu wakati ule hata sasa umepita muda gani?" hutadanganyika. Tazameni saa zetu wenyewe. Mlinzi akiingia lindoni saa kumi alfajiri na kutoka saa moja asubuhi, hakuna asemaye kwamba moja ni ndogo kuliko kumi, kwa hiyo bado hajaingia. Kila mtu anajua amekaa saa tatu, kwa kuwa saa imezunguka kumi na mbili na kuanza upya. Chombo nacho hutoa hivyohivyo, mradi tarakimu zote za saa zihifadhiwe katika namba ya biti 32 isiyo na alama ya kutoa. Kumbukeni kanuni hii: toeni, msijumlishe. Sasa kutoa mwanzo, kisha linganisheni na muda.

SAA YA KWELI NA KUMBUKUMBU

Hapa lazima nitofautishe mambo mawili ambayo mimi niliyachanganya. Saa ya ndani yafaa kwa kupepesa, bali haifai kwa kujua saa ya siku. Kwanza, haijui kama ni asubuhi au usiku. Inajua tu imewashwa tangu lini. Pili, katika Uno saa hiyo hufuata kijiwe kidogo cha kauri ambacho kosa lake laweza kufika sehemu 5 katika 1,000. Hilo ni dogo kwa jicho, lakini kwa siku moja ni dakika 7, na kwa juma karibu saa nzima. Tatu, umeme ukikatika, husahau yote.

Kwa sababu hiyo niliongeza chipu ya saa iitwayo DS3231, yenye betri yake ndogo ya duara mfano wa sarafu. Hiyo, katika joto la kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi, hukosea kama dakika moja tu kwa mwaka mzima, na umeme ukikatika huendelea kuhesabu kwa betri yake. Huunganishwa na bao kwa nyaya mbili za habari pamoja na mbili za umeme. Msiisome kila mzunguko, kwa maana kuisoma huchukua muda mrefu kuliko kuzikagua taa zote. Mara moja kwa sekunde yatosha, na hiyo nayo ipangiwe kwa kanuni ileile ya daftari.

Lililobaki ni kumbukumbu. Umeme ukikatika saa moja na dakika tano, mzee akiwa ameshameza, kisha ukarudi saa moja na dakika kumi, sanduku lisilokumbuka litaamuru dawa mara ya pili. Tungerudi kulekule kituo cha afya. Chipu ya Uno ina kumbukumbu ya kudumu ya baiti 1,024 ambayo haifutiki umeme ukiondoka. Kila kitufe kinapobonyezwa, programu huandika humo tarehe ya leo mbele ya chumba hicho. Umeme ukirudi, jambo la kwanza ni kuisoma saa ya kweli na kumbukumbu hiyo, na kuwasha tu taa ambayo wakati wake umefika na dawa yake haijatolewa. Kila baiti ya kumbukumbu hiyo imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Ikiandikwa mara moja kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka 270.

VIFAA NA KUVIUNGANISHA

Kwa sanduku la vyumba sita mtahitaji bao moja la Arduino Uno, chipu ya saa DS3231 iliyokwisha pachikwa katika kibao chake, taa sita za LED za kijani na moja nyekundu, rezista saba za omu 220, vitufe sita, nyaya, na chaja ya simu ya volti 5.

Taa ya LED ina mguu mrefu na mguu mfupi. Mrefu ni wa chanya, mfupi ni wa hasi, ukiugeuza haitawaka. Kamwe msiiunganishe taa bila rezista. Hesabu yake ni rahisi. Bao hutoa volti 5, taa hutumia kama volti 2, zinabaki volti 3. Gawanyeni 3 kwa omu 220, mtapata karibu miliampia 14. Mguu mmoja wa chipu usibebeshwe zaidi ya miliampia 20 kwa kazi ya kila siku, na chipu nzima isizidi miliampia 200. Taa zetu saba zikiwaka zote hazifiki 100.

Taa za kijani ziende katika miguu ya 2 hadi 7. Vitufe viende katika miguu ya 8 hadi 12 na ule wa A0, upande wa pili wa kila kitufe ukiunganishwa na hasi. Katika programu agizeni miguu hiyo itumie rezista za ndani ya chipu. Taa nyekundu iwe A1. Nyaya za habari za saa ni A4 na A5. Katika mguu wa 13 bao lenyewe lina taa yake ndogo. Hiyo niliifanya moyo wa sanduku: hupepesa kila sekunde, usiku na mchana. Moyo ukisimama, kila mtu nyumbani ajue kwamba mlinzi hayupo, na dawa zitolewe kwa kufuata karatasi ya muuguzi.

Kitufe nacho kina tabia yake. Ukikibonyeza, vyuma vyake hurukaruka kwa sehemu chache za elfu za sekunde kabla ya kutulia, na chombo chaweza kudhani umebonyeza mara nyingi. Kwa hiyo kibonyezo kikubaliwe baada ya kukaa hivyo kwa sehemu 50 za elfu za sekunde. Hapo pia msitumie "ngoja". Kitufe kipewe mstari wake daftarini kama taa.

Jambo moja juu ya umeme: betri za kubebeka za kuchajia simu aghalabu hazifai kazi hii. Nyingi hujizima zenyewe zikiona chombo kinatumia umeme mdogo, nanyi mtadhani programu ndiyo iliyoharibika.

TAA ZIKIZIDI

Huenda kambini kwenu mnataka ubao wa taa 24 wa kuonyesha malindo, au shuleni ubao wa kufundishia. Miguu ya bao haitatosha. Iko chipu ya bei nafuu iitwayo 74HC595. Kwa nyaya tatu tu kutoka katika bao, chipu hiyo huendesha taa 8. Chipu ya pili ikifungwa nyuma ya ya kwanza, taa 16. Ya tatu, taa 24. Na nyaya za bao hubaki zilezile tatu. Bao hupeleka hali za taa moja baada ya nyingine kama ndoo za maji zinazopitishwa mkono kwa mkono wakati wa moto. Zikishafika zote mahali pake, hutoa ishara moja, na taa zote hubadilika kwa pamoja.

Hapo punguzeni umeme wa kila taa, kwa maana chipu moja ya namna hiyo isibebe jumla ya zaidi ya miliampia 70. Tumieni rezista za omu 470: kila taa itapata kama miliampia 6, na taa 8 zitakuwa kama 51. Programu haibadiliki. Daftari linarefuka tu kutoka mistari sita hadi 24, na mkuu wa zamu anaendelea kupitisha kidole.

TAHADHARI

Sanduku la dawa si muuguzi. Nyakati za dawa zipangwe na mhudumu wa afya, wala fundi asizisogeze ili programu imwie rahisi. Mwulizeni pia dawa ikichelewa yaweza kutolewa hadi saa ngapi. Katika sanduku letu muda huo ukipita, taa ya kijani huzimika na nyekundu huwaka. Nyekundu maana yake ni: dawa imekosewa, msimpe, ulizeni kwanza. Agizo nililompa mama nalo nimelirekebisha. Sasa linasema: "Chumba kikiwa kitupu, usimpe, hata taa ikisema nini." Chupa zote zimewekwa juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto.

Mwisho, msimpe mgonjwa chombo mlichokijaribu kwa sekunde kumi. Mimi nililiweka sanduku jipya mezani kwa majuma nane, bila dawa ndani yake, ili lipite ile siku ya 50. Majuma hayo yote dada alimpigia mama simu kila saa ya dawa. Nilikuwa nikichomoa umeme kwa makusudi na kuurudisha. Nilibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Niliziwasha taa tatu kwa mwendo tofauti na kukaa nikizitazama. Kila hitilafu niliyoiona niliiandika, nikaisahihisha, nikaanza tena kuhesabu siku.

Siku ya 57 nililirudisha mahali pake. Saa moja asubuhi taa ya kwanza ikapepesa. Mama akampa mzee kidonge, akanyosha kidole kwa woga, akabonyeza. Taa ikazimika chini ya kidole chake. Akabaki amekiweka hapo kitambo kidogo. Ilipotimia saa moja na robo, taa ya pili ikaanza.

"Sasa linasikia," akasema.

Mzee, aliyekuwa akinywa chai yake isiyo na sukari, hakusema neno. Alilitazama sanduku kama alivyozoea kuwatazama askari wapya katika gwaride, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Wasomaji wapenzi, anayetaka kujaribu na aanze na taa mbili: moja ipepese kila sekunde, ya pili kila sehemu 700 za elfu za sekunde, na kitufe kimoja cha kuzizima. Siku mtakapoona taa hizo mbili zinakwenda kila moja kwa mwendo wake, na kitufe kinasikia wakati wowote, mtakuwa mmelishika somo lote. Lililobaki ni kuongeza mistari daftarini. Hadi juma lijalo, nawatakieni kazi njema na malindo ya salama.